Waliosusa Kisima cha Nkwabi

Mwaka ule sukari ilikuwa ya kupangiwa foleni, kwa hiyo kahawa ya Hatibu pale Tinde ilinywewa chungu, na karanga za kukaanga badala ya kashata. Benchi lake lilikaa kando ya barabara, mbele ya fundi baiskeli, na wateja wake walijulikana. Januari aliitwa Redio kwa sababu habari zote alianza yeye. Marselino, aliyewahi kuchimba dhahabu huko Bulyanhulu akarudi na kikohozi, aliitwa Mwamba. Jumatatu hiyo alikuwepo pia Nkwabi, balozi wa nyumba kumi, kavaa shati la kijani lililopigwa pasi, mfukoni ana karatasi. Jumamosi aliwaita watu wake msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba kisima kipya, na hakutokea hata mmoja. Majina yao yalikuwa kwenye karatasi ile, na safari yake ilikuwa kwa katibu kata.

— Nimepuliza filimbi tangu saa kumi na mbili mpaka saa tatu, alisema Nkwabi. Nyumba kumi, kimya. Hawa wamepanga.

— Wamepangwa, alisema Redio. Ni Valerian, balozi mwenzako wa kule ng'ambo ya barabara. Anakuchimba uondolewe, achukue nyumba zako.

Nkwabi alimkumbuka Valerian alivyomcheka kwenye mkutano wa tawi.

— Valerian hana akili hiyo, alisema Mwamba. Mimi Jumamosi alfajiri nimeona kitu. Wanaume wanne wamebeba kitanda, wanatoka kwa Maduhu wa nyumba zako. Juu kimefunikwa blanketi. Na wengine nyuma wanafuata, wanapokezana.

— Kitanda? aliuliza Nkwabi.

— Kizito, mzee. Wanatembea magoti yamepinda. Nimebeba mawe ya dhahabu miaka sita, nayajua yanavyomkunja mtu. Maduhu kapata mwamba wa dhahabu kiwanjani kwake. Ndiyo maana hawataki kisima, maana kisima kitachimbwa palepale.

— Au ni magendo, Redio aliteremsha sauti. Vitenge, sabuni. Msako huu wa walanguzi, watu wanahamisha mizigo alfajiri. Nyumba kumi nzima ni ghala, na balozi wao hana habari.

Nkwabi alichomoa karatasi, akaandika kwa penseli mbele ya jina la Maduhu: kiongozi wa wagomaji. Miaka saba ya ubalozi, na kumbe alikuwa anazungukwa. Sasa alielewa kwa nini mazungumzo hukatika anapofika kisimani, kwa nini wanawake hukumbuka ghafla kwamba wameacha chungu jikoni. Aliandika na hilo.

Hatibu alikuwa akisuuza vikombe.

— Ulipita kwenye nyumba zao? aliuliza.

— Nipite nikawabembeleze? Filimbi wameisikia.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja, kanga kaifunga kiunoni, miguu imejaa vumbi. Sura yake ilikuwa ngeni.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, walijibu.

— Mimi ni Paskazia, dada yake Maduhu. Natoka hospitali ya Kolandoto. Nimeelekezwa nimwone mzee Filimbi.

Redio akatazama ndani ya kikombe chake. Mwamba akapata kikohozi. Nkwabi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasubiri mtu acheke ili naye akasirike. Hakucheka mtu.

— Ni mimi, alisema mwishowe. Kuna nini?

— Maduhu ngiri ya tumbo ilimkaba Ijumaa usiku. Watu wakambeba kwa kitanda mpaka barabarani, lori wakalipata saa moja asubuhi. Wanaume wote wamekwenda naye, maana daktari angetaka damu ya kumwongezea. Wake zao wapo na mkewe, hajiwezi kwa kulia. Maduhu kapasuliwa, bado hajaamka sawasawa. Sasa ng'ombe wake hawajanywa tangu juzi, watoto wamewashindwa. Nikaambiwa balozi ndiye wa kuambiwa.

Nkwabi aliikunja karatasi, akaikunja tena. Kilichomuuma hakikuwa ngiri ya Maduhu, na hilo lilimtisha. Kilichomuuma ni kwamba kitanda kilipita mita mia mbili kutoka pale alipokuwa akipuliza.

— Mbona hawakuja kuniambia?

Paskazia hakuwa na hasira. Aliuliza kama mgeni anayeuliza njia.

— Wangekuja, baba, ungewaambia nini?

Nkwabi jibu alikuwa nalo neno kwa neno, kwa sauti yake ile ya kisimani: mgonjwa abebwe na wawili, waliobaki wachukue majembe. Tena angeuliza nani kawapa ruhusa.

Aliinuka.

— Na majina, mzee? aliuliza Redio. Katibu kata atakungoja.

— Angoje.

Alitoka na Paskazia, yeye mbele kama kawaida yake, hatua za haraka. Walipofika njia panda nyuma ya mashine ya kusaga, akasita. Njia zilikuwa tatu, na zizi la Maduhu hakujua liko upande gani. Alisimama jua likimpiga utosini, kisha akasogea pembeni, kwenye majani.

— Tangulia, mama, alisema. Nionyeshe.