Kamba ya Kiunoni

Mama fundi cherehani alipanda basi la kwenda bwawani akiwa amemfunga bintiye kamba kiunoni, ncha ya pili kaizungusha mkononi mwake. Kikundi cha vijana kilikuwa kimeandaa mashindano ya kuvua samaki kwa watoto na wazazi. Bibi aliyeketi kando yao na mjukuu wake alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwanangu, unakwenda kuvua samaki au kuchunga mbuzi?"

"Cheka tu, mama. Maji hayazoeleki."

"Vijana wamesema waokoaji wapo wawili."

"Wawili! Na wakizama watatu?"

"Lo! Usitutabirie mabaya. Mtoto hukua kwa kuachiwa. Na hiyo kamba ikinasa kwenye kisiki, je?"

Fundi aliikagua kamba. Alikuwa ameishona mara tatu, ila kisiki hakukiwaza. Akaizungusha mkononi mara moja zaidi.

Basi likakata kona na bwawa likajitokeza: pana, jeusi, kimya. Watoto wakashangilia. Bibi akamvuta mjukuu wake mapajani. Basi liliposimama, akamgusa fundi begani.

"Mwanangu," akanong'ona, "hiyo kamba haina kipande cha kunigawia?"