Dawa ya Choo Shambani kwa Tekla

Kijiwe chetu cha Bashay kina benchi la miguu mitatu. Mguu wa nne ni jiwe. Wakaaji wake wamejipa vyeo. Gidamis ni Injinia kwa sababu aliwahi kufunga bomba, likavuja. Evarist ni Utafiti. Aliwahi kuwashikia wapima udongo ncha ya futikamba. Halfani humimina kahawa, na hoja zake hazina bei. Juzi Injinia alimwaga mapipa mawili ya machicha ya pombe kwenye shamba la dada yake, Tekla, eti mbolea. Sasa shamba linanuka siki, mbegu ya kitunguu saumu inasubiri ndani ya gunia, na leo Injinia amekuja na dumu la dawa ya choo.

— Ni vijidudu hao. Naua wote, harufu kwisha.

— Haitoshi, alisema Utafiti. Ile ni asidi. Dawa ya moto ni moto: mwagia maji ya betri.

— Asidi juu ya asidi? nikauliza.

— Zitapigana, binti.

— Hamjui kitu, alisema Halfani. Harufu hiyo inatoka mlima Hanang, inapita chini kwa chini. Haba na haba hujaza kibaba.

Nimesomea udongo miaka minne. Nikaweka kikombe chini.

— Hao vijidudu ndio wanaokula hiyo asidi! Bakteria wanaivuta ndani, vimeng'enya vyao vinaikata kipande kwa kipande, mwisho inabaki maji na hewa ya ukaa. Ukiwaua, nani ataila?

— Kwani wana meno? alisema Injinia.

Walicheka mpaka lile jiwe likateleza.

Tekla akatokea na jembe begani.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Kaka, mwaka jana ulimwaga machicha kona ya juu. Ilinuka hivihivi. Hukutia dawa, na baada ya wiki tatu harufu ikaisha yenyewe. Nani aliisafisha?

Injinia akamtazama Utafiti. Utafiti akamtazama Halfani. Halfani akainamisha birika, yakatoka mashapo.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Tekla akanigeukia mimi.

— Nifanye nini, Judica?

— Tifua, hewa iingie. Mbegu isubiri mpaka harufu iishe.

Akaliokota dumu la dawa, akampa kaka yake jembe. Injinia alilipokea kama mtu anayeuliza linashikwa upande gani.