Mita Themanini za Mzee Sikio

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi kamili alasiri, fundi mkuu wa karakana yetu ya baiskeli anastaafu baada ya kuitumikia idara miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Kamati ya sherehe ilinipa mimi, karani wa stoo ya vipuri, kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Kumbe! Leo ni siku ya kumi na moja tangu nipate habari nitakayoieleza hapa chini, na bado naandika na kufuta. Msomaji, kama umesimama, tafuta kiti.

Tuanze na yale tuliyodhani tunayajua. Idara yetu ya maji ina wasoma mita arobaini na wawili, na kila mmoja ana baiskeli, kwa sababu vichochoro vingi havipitishi gari. Baiskeli ikikorofisha, mita hazisomwi. Siku ya usaili, katika chumba ambacho sasa kina mashine ya kunakilia, kijana mmoja mwembamba alipewa gurudumu lililopinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa. Aligonga spoku moja moja kwa kucha, akasikiliza, akakaza hapa, akalegeza pale, na baada ya dakika kumi rimu ikawa inazunguka bila kuyumba. Wakamuuliza kama anajua gololi, breki, mnyororo na pancha. Akajibu ndiyo kwa yote, na alikuwa anasema kweli. Aliajiriwa kabla chai haijapoa.

Jina la Mzee Sikio alilipata kwa namna anavyopima kazi. Mafundi wengine wakimaliza kutengeneza baiskeli huipanda na kuijaribu. Yeye huitembeza. Hushika usukani, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akaizungusha uani mara tatu kwa miguu huku akisikiliza. Nati ikilegea, anaisikia. Gololi zikikosa grisi, anazisikia. Ukutani kuna maandishi yake ya rangi nyekundu: BAISKELI ISIYOTEMBEZWA HAITOKI. Alikuwa akituambia kwamba aliye juu husikia pumzi zake mwenyewe, bali anayetembea kando ndiye anayeisikia baiskeli. Maneno hayo tuliyakariri kama aya. Mafundi wake wawili nao hutembeza vivyo hivyo, vichwa vikiinama kushoto, ingawa mmoja wao sikio la kushoto halisikii vizuri tangu utotoni.

Vituko havikukosekana. Wengi mnamkumbuka msaidizi wa mkuu wa kitengo, yule aliyetaka kusafiri likizo na baiskeli yake kwa basi. Mzee Sikio alimwambia asubiri afunguliwe pedali, maana ya kushoto ina tabia yake: hufunguka kwa kuzungushwa upande ambao nati nyingine zote hukazwa. Bosi hana subira. Akashika spana mwenyewe, akakaza akidhani anafungua, akakaza tena, akatia na mguu. Spana ikateleza, bosi akaenda kuketi ndani ya beseni la maji tunalopimia tyubu. Mzee Sikio akamuuliza, kwa adabu zote, kama ameona mapovu yoyote.

Lakini safari ile ilifanyika, na baiskeli ilifika salama kwa sababu ya mafunzo yake. Ni yeye aliyetufundisha kwamba baiskeli ikipanda basi, usukani ugeuzwe ulale sambamba na gurudumu, pedali zitolewe, na zifungwe kwenye kitambaa zisije zikapotea. Mzigo uwekwe chini na ugawanywe pande mbili. Kamba isiachwe mkia hata wa kidole kimoja, kwani mkia ukiingia kwenye spoku, safari imekwisha. Na kila msafiri abebe kipande cha tairi kuukuu: tairi ikichanika njiani, unakitia ndani kati ya tyubu na tundu, unajaza upepo, unaendelea na safari yako. Alijua barabara zote zinazotoka hapa mjini, mlima uko wapi, kivuli kiko wapi, maji ya kunywa yako wapi. Alizijua kwa kutuuliza sisi tuliorudi. Hilo mlitie akilini.

Kisha kuna ile tuzo. Mwaka wa mvua kubwa, msoma mita mmoja alikatikiwa na mnyororo kilomita kumi na nne kutoka hapa. Mzee Sikio alichukua baiskeli ya karakana, akafunga sanduku la vifaa kwenye keria, akaenda akiisukuma kilomita zote kumi na nne, akatengeneza, akarudi akiisukuma. Mkuu wa kitengo wa wakati ule alimwandikia barua ya pongezi, kwa "kuitunza mali ya idara kiasi cha kukataa kuipanda hata inapokuwa halali yake". Barua ilitiwa fremu. Mimi mwenyewe niliipigilia msumari. Na kila asubuhi tulimwona akija kazini akisukuma baiskeli, chakula cha mchana kimefungwa nyuma. Wapo waliosema ana mgongo. Wapo waliosema ameweka nadhiri. Mimi, Mungu anisamehe, kila mfanyakazi mpya nilikuwa namwambia: ule ndio unyenyekevu.

Sasa shikeni roho zenu. Siku kumi na moja zilizopita nilikwenda nyumbani kwake kuomba picha ya jalada. Nilimkuta mkewe, ambaye sisi wote humwita Mama, anakaza breki za baiskeli ile ile ya kila asubuhi. Nikamwambia nataka picha moja tu, Mzee akiwa juu ya baiskeli, ya ujanani au ya uzeeni, yoyote. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Akanitazama usoni, akaona mimi sicheki. Hapo akaweka kiganja mdomoni. Alidhani tunajua. Miaka yote hiyo alidhani tunajua! Picha haipo na haijapata kuwapo, kwa sababu Mzee Sikio hajui kupanda baiskeli.

Narudia, maana na mimi nililazimika kuambiwa mara tatu. Fundi wetu wa baiskeli hajui kupanda baiskeli. Hajawahi. Ile anayoisukuma kila siku ni ya Mama, na Mama ndiye huipanda kwenda sokoni jioni. Looh! Nilipigwa na butwaa nikasahau hata picha niliyoijia. Miaka kumi na tisa nimekaa dirishani, hatua tano kutoka kwenye meza yake, nikijiona mtu wa macho. Yale mazoea ya kutembeza, ile nasaha ya ukutani, ile tuzo, zile kilomita ishirini na nane za matope! Siku ya usaili walimuuliza kila kitu isipokuwa hilo moja, na baada ya hapo hakuna binadamu aliyewahi kumuuliza. Sijui nimshangae yeye au nitushangae sisi.

Wakati huo Mzee mwenyewe alitokea mlangoni na kikombe mkononi. Alinitazama, akamtazama Mama, akaelewa. Hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu: kama ratiba ya sherehe imekwisha chapwa. Nikamjibu imechapwa, nakala mia mbili. Nikamwambia pia kile kilichomo. Zawadi yetu kwake ni baiskeli mpya. Na kipengele cha saba kinasema hivi: Mstaafu atapanda baiskeli yake na kutoka nayo lango kuu, huku wafanyakazi wote wakimshangilia. Mzee wa watu alikaa kwenye kizingiti, akaweka kikombe chini. Akasema basi haji. Atapita mlango wa nyuma Alhamisi, kimya kimya, na ile barua ya fremu atairudisha, kwa kuwa ni sifa ya uongo. Alisema mtu aliyeheshimiwa miaka thelathini na mitatu hawezi kuchekwa dakika ya mwisho na watu aliowafungia breki.

Ndipo aliponieleza ilivyokuwa. Kwao kulikuwa na baiskeli moja. Aliyeipanda ni dada yake mkubwa. Yeye alikaa kwenye keria, na kazi yake ilikuwa kushika pampu. Walikwenda shule hivyo miaka sita, na hakuona haja ya kujifunza, dada yupo. Dada alipoolewa, baiskeli ikaenda naye. Yeye akabaki na pampu. Akaanza kujazia watu upepo, kisha akaziba pancha, kisha akafungua magurudumu, na huko ndiko ufundi wake ulikoanzia. Alipokuja kupata uwezo wa kujifunza kupanda, tayari mtaa mzima unamwita fundi. Fundi ataonekanaje anaanguka mbele ya wateja? Akaiahirisha aibu ya siku moja, nayo ikakaa kwake maisha mazima. Dada yuko hai, mjane, na nyumba yake iko kilomita nne kutoka kituo cha basi. Kila anapomtembelea huzitembea kwa miguu, na kila mara dada humtania kama bado anatafuta keria ya kukalia.

Nilirudi ofisini nimechanganyikiwa. Nilikuwa na hasira pia, siwafichi, kwa sababu hakuna anayependa kugundua kwamba alikuwa mjinga kwa miaka kumi na tisa. Nikaenda kufungua daftari la ajali, nikitafuta sijui nini, labda uongo mwingine. Nikakuta jambo lililonishtua kuliko la kwanza. Mwaka mmoja kabla ya Mzee Sikio kuajiriwa, wasoma mita tisa waliumia kwa sababu ya breki kukatika au gurudumu kuchomoka. Tangu alipoanza kutembeza baiskeli mpaka leo, hakuna hata mmoja. Ajali zipo: mbwa wapo, mashimo yapo, na yupo aliyegonga ukuta akimgeukia mchumba wake. Lakini aliyeumizwa na baiskeli iliyotoka mikononi mwake, sifuri. Mafundi waliopanda waliangusha watu. Aliyetembea hakumwangusha mtu.

Nikambebea daftari nyumbani, kinyume cha kanuni, na mkuu wa kitengo anisamehe akisoma hapa. Mzee alilifunua ukurasa baada ya ukurasa, Mama amesimama nyuma yake. Nilimwambia lile neno la ukutani alilibuni kujifichia, sawa, lakini limegeuka kuwa kweli na limewarudisha watoto wa watu nyumbani. Akafunga daftari. Halafu akaniuliza kama mikono yangu ina nguvu ya kushika kiti cha baiskeli kwa nyuma.

Basi, wenzangu, mnapotuona siku hizi tumechelewa chai ya asubuhi sote wawili, tumetoka kwenye uwanja wa mabomba nyuma ya matangi. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu Mama huja na baiskeli yake, mimi hushika kiti, na Mzee wa miaka sitini huyumbayumba juu yake kama ndama aliyezaliwa jana. Ameanguka mara saba. Kila akianguka hainuki mara moja. Hulala pale pale akilisikiliza gurudumu linavyozunguka, kisha atasema breki ya nyuma imegusa. Na kweli imegusa. Mama hucheka, kisha huficha macho kwa ncha ya khanga. Mimi magoti yangu yanauma kwa kukimbia, na sijawahi kushangaa hivi tangu nizaliwe.

Nilimwomba ruhusa ya kukaa kimya katika wasifu huu. Alikataa katakata. Alisema: "Ukificha, nitakuwa nimestaafu na uongo mfukoni. Andika yote, wacheke mapema, ili Ijumaa wawe wamemaliza." Barua ya fremu haitarudishwa: mkuu wa kitengo amekubali kuandika nyingine, itakayotaja lile daftari. Na kipengele cha saba hakifutwi. Ameomba nyongeza moja tu, kwamba kabla ya kuipanda baiskeli yake mpya ataitembeza uani mara tatu, kama nyingine zote.

Kutoka mlango wa karakana hadi lango kuu ni mita themanini, nimezipima. Mpaka asubuhi ya leo, bila kushikwa, amefika sitini. Siwezi kuwaambia Ijumaa itakuwaje. Ninachoweza kuwaambia ni masharti yake: mtu asikimbie kumshika, hata akiyumba. Akianguka, mwacheni alale kidogo asikilize. Na Jumamosi asubuhi baiskeli ile itapanda basi, pedali zake zikiwa ndani ya kitambaa, kwenda kwenye kituo kilichoko kilomita nne kutoka kwa dada. Dada hajaambiwa.

Mzee Sikio, kwa niaba yetu sote uliotufikisha nyumbani bila sisi kujua, asante. Maisha ya mbele yawe mema kwako na kwa Mama, tairi zisikuishie upepo, na dada aone mwenyewe kwamba keria sasa ni zamu yake. Sisi ni watu wa kusoma mita, hiyo ndiyo kazi yetu. Ishirini zilizobaki tutakuja kuzisoma Ijumaa, langoni, wasoma mita wote arobaini na wawili pamoja nami, tumeshuka kwenye baiskeli zetu na tumezishika kwa mkono.