Nusu Saa ya Kufunga Mlango: Risala ya Wafanyakazi wa Ushirika wa Nyumba wa Upendo, Buruburu

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wetu Bwana Kinyanjui; Meneja wetu, Bwana Gordon Omolo; wakazi wote, mabibi na mabwana:

KARIBU

Sisi wafanyakazi wa Upendo tunakukaribisha Buruburu kwa mikono miwili. Kama vumbi limetutangulia kukupokea, tuwie radhi. Lenyewe halifuati ratiba.

HISTORIA

Hadi mwaka 1985 habari za wapangaji zilikaa kwenye makaratasi, na panya walizipitia zaidi kuliko sisi. Ndipo ulipotuletea kompyuta: mashine moja chumba cha nyuma na skrini tatu kaunta. Dada yetu Kezia, aliyekuwa mpiga taipu, alipelekwa kusomea kuitunza. Aliporudi alituambia jambo moja tu: mashine nayo hufa. Kwa hiyo kila siku sharti habari zake zinakiliwe kwenye kanda, ikifa tusife nayo.

MAFANIKIO

Siku hizi mpangaji hutajiwa nyumba yake kabla hajamaliza kusalimu. Makaratasi ya zamani tuliwagawia wauza mandazi, nao wanashukuru sana.

MATATIZO

Kezia na Meneja hawakuelewana juu ya namna ya kunakili. Kezia alitaka ofisi ifungwe nusu saa mchana, mtu asiguse skrini, nakala itoke nzima. Meneja alitaka kanda izunguke huku kazi ikiendelea.

"Mama ametoka Njiru kwa miguu," alisema, "aje akute mlango umefungwa? Hapana, dada."

"Bwana Meneja, ni kama kuhesabu kuku wakati wanahama banda. Mmoja utamhesabu mara mbili, mwingine humpati kabisa."

"Basi hesabu upesi."

Jioni nayo haikuwezekana, kwa kuwa jengo hufungwa na funguo huenda kulala kwa Meneja. Na aliyetuuzia mashine alisema ziko zinazoweza kunakili zikiwa kazini bila kukosea, ila yetu haikusomea hilo.

Kezia akafanya alivyoagizwa.

Siku moja Mama Perez Odero, aliyejaliwa mapacha, alipewa nyumba kubwa zaidi. Uhamisho wake uliandikwa kaunta kanda ikiwa katikati ya mzunguko. Ilikuwa imeshaipita ile nyumba mpya ikaiona tupu. Ilipofika kwenye ya zamani, Mama Perez alikuwa ameshatoka. Kesho yake stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, na mashine ikafa. Kezia akairudishia habari kutoka kwenye kanda, sisi tukampigia makofi. Kumbe Mama Perez hakuwa na nyumba popote duniani.

Nasi, kwa bidii yetu, nyumba ile "tupu" tukampa Bwana Jimale. Alifika na lori la vyombo, akamkuta mama akiogesha watoto.

"Mama, samahani. Ofisini wanasema hapa hakuna mtu."

"Hakuna mtu? Haya, nishikie huyu hakuna-mtu nimkaushe mwenzake."

Bwana Jimale ni muungwana, alimshika. Mvua ikaanza kunyeshea makochi yake, na Mama Perez akaingiza ndani makochi, mke na watoto wa Jimale. Walikaa naye hadi tulipowapatia nyumba nyingine, na hadi leo Mama Perez na mke wa Jimale hawaachani.

Kezia alikwenda kuomba radhi, akalia mlangoni. Mkono ulikuwa wake, shauri halikuwa lake. Mama Perez akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Ila siku nyingine ukinihamisha, niambie nami nijue."

Tangu siku hiyo, Mgeni rasmi, kila mchana mlango wetu huwa na kibao: SAMAHANI, TUKO KATIKA MAOMBI. Ni kazi ya Kezia. Tulipomuuliza kama huo si uongo, alijibu, "Kanda inazunguka, nami naomba isikatike. Hayo si maombi?" Meneja alipokiona, alivua kofia akapita kwa kunyata. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kusikia habari hii.

Nakala zetu sasa hazina kasoro. Lakini Mchungaji Ngigi amepata habari za uamsho wetu, na amefurahi mno. Alikuja kwanza peke yake, kisha na matari, na sasa kwaya ya akina mama kutoka Mathare inataka kujiunga. Nusu saa imekuwa saa mbili, na yule mama wa Njiru naye huingia akaimba, akatoka bila kuhudumiwa.

MAOMBI

Tunaomba turuhusiwe kufunga nusu saa mchana, kwa haki, na kibao kiseme ukweli: TUNANAKILI. Tunaomba benchi na kivuli nje, wanaongoja wasichomwe na jua. Na tunakuomba wewe mwenyewe ukamweleze Mchungaji. Sisi hatuna uso.

Bwana Meneja, tunaona umesimama. Tafadhali keti, imebaki baraka tu.

Mungu akuzidishie afya, Mwenyekiti, ailinde jamaa yako, na ampe Bwana Meneja moyo wa kusamehe kabla ya Jumatatu.

Ni sisi, wote kwa pamoja asitafutwe mmoja,
Wafanyakazi wa Ushirika wa Nyumba wa Upendo, Buruburu.