Mama Manjano Aikabidhi Hifadhidata

Tarehe 30 Juni, msimamizi wa hifadhidata ya hospitali yetu anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Kwenye orodha ya mishahara ana jina lake kamili. Kwetu sisi wa masjala ni Mama Manjano, na hata mganga mkuu humwita hivyo akijisahau.

Alipoajiriwa, kumbukumbu za wagonjwa zilikuwa majalada ya karatasi, na kupata jalada moja kulihitaji ngazi, subira na kifua kisichoogopa vumbi. Yeye ndiye aliyesimamia kuyaingiza kwenye kompyuta. Hata hivyo, maelezo ambayo wauguzi huandika kwa maneno yao wenyewe yaliendelea kututesa: unaandika neno unalolitafuta, unakwenda kunywa chai, unarudi, mashine bado inatafuta. Akaunda faharasa ya maneno yote yaliyomo humo. Siku ya kwanza daktari wa watoto aliuliza ni watoto gani waliotokwa na upele baada ya kupewa dawa fulani, na majibu yakaja kabla hajavuta kiti. Hakuamini, akaomba itafutwe tena.

Jina lake la utani lilitokana na tabia moja. Mama Manjano hajaribu kitu chochote kwenye hifadhidata yenyewe. Kwanza huitengenezea nakala pacha, kisha skrini ya nakala hiyo huipa rangi ya manjano inayoumiza macho, ili asitokee mtu wa kuichanganya na ile halisi. Tulimtania kwamba nyumbani kwake hata mapazia lazima yawe ya manjano. Alicheka pamoja nasi, na rangi hakuibadilisha.

Mwaka jana tulipata toleo jipya la programu ya hifadhidata. Faharasa sasa inajisasisha yenyewe, na nakala pacha inapatikana kwa kubofya mara moja, kisha inajifuta jioni. Asubuhi moja aliitengeneza nakala kama hiyo na kuifungua kwenye kompyuta za mapokezi, ili wenzetu wa huko waifanyie mazoezi mchana. Kabla hajaitia rangi, simu ikaita. Mumewe, mwalimu mstaafu aliyekuwa ameanza kusahausahau, alikuwa ametoka kwa kinyozi na njia ya kurudi nyumbani imempotea. Mama Manjano alichukua mkoba akatoka mbio.

Watu wa mapokezi hawakuona manjano, wakaamini ndiyo yenyewe, wakasajili wagonjwa wa asubuhi nzima ndani ya nakala ambayo ingefutika jioni. Miongoni mwao alikuwamo mama mjamzito wa kupasuliwa kesho yake, ambaye penisilini ingeweza kumuua, na onyo hilo liliandikwa humo tu. Alasiri Mama Manjano alirudi akiwa amemshika mumewe mkono, akamkalisha kando ya meza yake, akaona hifadhidata halisi haijapokea mgonjwa mpya hata mmoja tangu asubuhi. Akaizuia nakala isijifute na kuanza kuhamisha kumbukumbu, akitanguliza za yule mama. Mwalimu alikuwa akimuuliza kila mara wanakwenda nyumbani saa ngapi, naye alimjibu kila mara kama vile ndiyo kwanza ameulizwa.

Kesho yake alisimama kikaoni akasema kosa ni lake. Kisha akaomba kustaafu kabla ya wakati. Alitueleza kwamba hapa kazini kila kitu kina nakala, lakini mume wake hana, na kilichobaki cha mume huyo anataka awe karibu nacho. Wengine tulilia wala hatukujificha.

Aliweka sharti moja tu: haondoki mpaka nakala ianze kujitia rangi yenyewe. Mafundi wake wawili walihangaika nalo kwa miezi. Wiki iliyopita walitengeneza nakala bila kumwambia. Akapita nyuma yao, akaiona skrini ya manjano ambayo mkono wake haukuigusa. Alisimama kidogo, akasema sawa, akaenda kufungasha vitu vyake.

Asante, Mama Manjano, kwa kazi, kwa vicheko na kwa macho yetu uliyoyaumiza kwa nia njema. Tunawaombea wewe na Mwalimu siku njema zisizo na haraka. Akikuuliza tena mnakwenda nyumbani saa ngapi, sasa utaweza kumjibu kwamba mmeshafika.