Armas Kiiskilä na Onyo Alilolipigania

Marehemu Armas Kiiskilä alizaliwa mjini Kuhmo tarehe 4 Machi 1958, katika dhoruba ya theluji iliyoezua paa la zizi. Baba yake, mzee Eino, alikuwa mkata miti. Kofi lake halikutanguliwa na neno.

Alisoma Kuhmo, kisha akahitimu hesabu Chuo Kikuu cha Oulu mwaka 1983. Bwenini aliwahi kuvunja mlango kwa bega kwa kuwa mwenzake alimlia samaki wake. Kesho yake aliutengeneza, akaupaka na rangi.

Mwaka 1985 alimwoa Sirkka Nevalainen wa Lieksa, wakajaliwa binti, Tuuli.

Akiwa kazini mjini Tampere aliandika kiini cha mfumo endeshi, programu inayozigawia nyingine kumbukumbu ya kompyuta. Kumbukumbu ikikosekana, kiini huinyima programu inayoiomba, yaani mwombaji, na kutoa onyo. Mwombaji mwenye njia nyingine ya kufanya kazi yake huweza kukiomba kinyamaze. Mwenzake wa kazini, Jyrki, alinakili ombi la namna hiyo, pamoja na alama yake ya ukimya, akalitia katika programu ya breki ya msumeno wa kiwanda cha mbao, isiyokuwa na njia nyingine.

Tarehe 11 Novemba 2014, kiwandani Lieksa, breki ilianza kunyimwa kumbukumbu tangu asubuhi. Kiini kilinyamaza. Alasiri Onni, kaka yake Sirkka, alibonyeza breki, akainama kuondoa gogo. Msumeno ulikuwa bado unazunguka. Ulimkata mkono begani.

Armas aliingia ofisini bila kuvua koti.

“Maonyo yalizidi, bwana,” Jyrki alijitetea. “Mbwa anayebwekea kila jani, nani humsikiliza?”

“Na asiyebweka mwizi akiwa chumbani? Shemeji yangu hana mkono, we mpumbavu!”

Ngumi moja ikamvunja Jyrki pua.

Tangu hapo Armas alidai sheria moja: anayetaka kiini kinyamaze aandike kwanza atafanya nini akinyimwa. Jyrki, mwenye kauli ya mwisho juu ya kiini, aliikataa. Walitukanana kwa maandishi miaka miwili, hata saratani ya kongosho ilipomlaza Armas hospitalini Tampere, akitapika damu na kuandika.

Siku moja Jyrki alikuja na mkate mweusi wa nafaka iitwayo rai.

“Nimeipitisha sheria yako, mzee shetani. Kufa sasa.”

“Pua vipi?”

“Imepinda. Mke wangu anaipenda kuliko ile ya kwanza.”

Armas alicheka hadi sindano ya dripu ikachomoka.

Alifariki tarehe 2 Desemba 2016. Ameacha mjane Sirkka, binti Tuuli, wajukuu wawili, na shemeji Onni. Jeneza, kwa agizo lake, litatanguliwa na Jyrki, kama onyo.

Mungu ampumzishe kwa amani, mtu ambaye duniani hakuizoea.