Breki ya Mwisho ya Mama Breki

Mimi ndiye niliyemfundisha kazi Mama Breki. Bila mimi, mpaka leo angekuwa hajui kompyuta inawashiwa wapi. Haya, basi, huo ni uongo, na mhariri wa jarida letu ameshanitupia jicho. Nilichomfundisha siku ile ya kwanza ni choo kilipo, na kwamba swichi ya taa ya ukumbini sharti uibonyeze mara mbili. Mengine yote alikuja nayo kichwani, na tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita, anaondoka nayo.

Kwa wageni watakaoshika karatasi hii: ofisi yetu inatengeneza programu ya madirisha ya dawa katika zahanati. Ni programu huria, maana yake haiuzwi. Anayetaka kuifungua aone utumbo wake, ruksa. Anayeweza kushona palipochanika, atume kiraka. Viraka vinatujia kutoka kwa watu ambao hatujawahi kuwaona sura. Mama Breki alikuwa mlinzi wa toleo tulivu, lile linalowafikia wagonjwa. Alilipa jina la Sebuleni. Toleo la majaribio, ambako mafundi wanakata, wanakaanga na kuunguza, aliliita Jikoni. Alikuwa akisema mgeni halishwi jikoni, na chungu hakitoki hakijaiva.

Jina la Mama Breki alipewa na fundi mkuu wa Jikoni, bwana ambaye nasi tulimlipa kwa kumwita Leo-Leo, kwa kuwa kwake kila kitu kitoke leo leo. Wawili hao walizozana miaka ishirini kama mtu na wifi yake. Leo-Leo akisema programu isiyobadilika ni maiti iliyovaa suti. Mama Breki akamjibu, bila kuinua macho, "Na hiyo yako, mdogo wangu, ni bwana harusi aliyesahau suruali." Tukacheka mpaka chai ikatupalia. Lakini msimdhanie kuwa aliogopa mapya. Yeye mwenyewe alijua kwamba Jikoni kukizimwa moto, Sebuleni watu watalala njaa.

Breki hizo zilikuwa na sababu. Kuna mwaka alizidiwa nguvu. Zahanati zinalilia toleo jipya, wakubwa wanalilia, akaachia. Toleo lile, ukiacha kujaza uzito wa mgonjwa, lilimhesabu kuwa mtu mzima. Nesi mmoja wa mbali, ameshika karatasi ya dawa ya mtoto wa miezi minane, akasita. Huyo nesi ndiye aliyemwokoa yule mtoto, si sisi. Mama Breki alisafiri siku mbili kwenda kumwona, akarudi na karatasi ile ile, akaibandika ukutani juu ya meza yake. Sasa imekuwa rangi ya chai. Wapaka rangi walipokuja, waliambiwa waizunguke, na waliizunguka.

Hapo ndipo mimi nilipopanda cheo. Mimi ni mtunza stoo, shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, tuliachana salama. Mama Breki akatoa amri: hakuna toleo litakalotoka Jikoni kwenda Sebuleni kabla mzee wa stoo hajalikalia juma zima. Nikapewa kompyuta kuukuu, rundo la kadi za wagonjwa wa kubuni, na daftari. Nikipotea njia, toleo linarudi Jikoni. Watu wenye digrii mbili mbili wakawa wananiamkia kwa adabu.

Tatizo ni goti langu. Huwa linaruka lenyewe chini ya meza na kupiga teke plagi. Leo-Leo alileta utepe wa gundi aifunge plagi kwenye soketi. Mama Breki akaibandua. "Huko dirishani plagi zinapigwa teke kila siku," akasema. "Mwache mzee apige."

Na kila toleo lililopita salama, alivuta kiti stoo akanisomea kwa sauti orodha ya yote yaliyobadilika na majina ya waliobadilisha, mstari kwa mstari, kwa kuwa herufi ni ndogo na macho yangu yana mzaha. Nami nikitikisa kichwa kama ninaelewa.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kalamu inalikwepa. Kwa miaka minne Mama Breki alikuwa na chungu chake mwenyewe Jikoni: sehemu ya kuiwezesha zahanati iendelee kuandika mtandao ukikatika, na ukirudi, kila kitu kijiunge chenyewe. Alitaka iingie Sebuleni kabla hajaondoka. Katika miaka yote hiyo, ni kitu pekee nilichomsikia akikitaka kwa ajili yake.

Jumanne, siku kumi kabla ya kustaafu kwake, ilikuwa siku ya mwisho ya juma langu la kulikalia toleo lenye chungu hicho. Niliandika kadi ya mama mmoja, dawa za mwezi. Goti likaruka, plagi ikachomoka. Nilipowasha tena, yule mama alikuwa wawili. Programu ikadai ameshachukua dawa za miezi miwili, asirudi mpaka iishe. Angekuwa mgonjwa wa kweli, mwezi uliofuata angerudishwa nyumbani mikono mitupu.

Sikuandika. Nilifunga daftari, nikaenda kuhesabu karatasi za printa nilizokwisha kuzihesabu asubuhi. Nikarudi, nikaipiga plagi teke kwa makusudi mara tatu, huku namwomba Mungu. Mara zote tatu, mama wawili. Ndipo nikaandika kwa mwandiko wangu wa kuku: mama mmoja amekuwa wawili. Nikampelekea mezani, nikasimama pale kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni.

Leo-Leo alikuja mbio, nikajua leo nitacheka. Sikucheka. Alimsihi. Nani atapiga plagi teke sekunde ile ile? Yeye mwenyewe ataziba kwa kiraka juma lijalo. "Dada, iachie," akasema. "Hii ni yako." Hakuwahi kumwita dada.

Mama Breki aliitazama ile karatasi ya ukutani. "Kwa kuwa ni yangu ndiyo nisifunge breki? Irudi Jikoni." Kisha akanigeukia mimi. "Asante, mzee. Hilo goti lina akili kutuzidi wote."

Hakulia. Aliyelia ni mimi, na nililia stoo, kati ya makatoni, ambako ndiko kazi yangu iliko.

Nimeagizwa nitaje mafanikio. Matoleo tulivu thelathini na moja yametoka mkononi mwake. La thelathini na mbili ndilo ninalojivunia zaidi, na halikutoka. Ufunguo wa Sebuleni amekabidhiwa Leo-Leo, msishangae. Juzi kilikuja kiraka kizuri, kila mtu amekipenda, yeye akakitazama, akatazama ukuta, akasema tungoje kidogo. Maradhi haya yanaambukiza.

Basi, Mama Breki, ofisi nzima inakushukuru. Nenda ukapumzike, miguu iinue juu, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na taa za kwako ziwake kwa kubonyezwa mara moja.

Ila una deni langu moja dogo. Matoleo yote niliyoyakalia umenisomea, isipokuwa hilo. Leo-Leo anasema litaiva baada ya miezi minne hivi, nami nitalikalia, goti lipo. Siku litakapoingia Sebuleni nitakupigia simu. Orodha utaifungua huko huko nyumbani. Acha unachofanya, unisomee taratibu, mpaka kwenye mstari wenye jina lako. Hapo usome mara mbili, nitajifanya sikusikia.